Baba Mkwe Alisema Silinda ni Nzima

Mhariri, jina langu lifunike tafadhali, maana nikijulikana hapa Temeke sina pa kuweka uso. Mie ni mwanamume wa miaka ishirini na minane, nina mke, mtoto bado hatujajaliwa. Nafanya kazi kwenye karakana ya injini karibu na uwanja wa ndege. Kazi yenyewe nilitafutiwa na baba mkwe wangu, ambaye ndiye fundi mkubwa pale. Nyumbani ni mkwe, kazini ni mkubwa wangu, basi mie kwake ni "naam baba" asubuhi mpaka jioni.

Sie tunatengeneza silinda kuukuu za injini za ndege. Tunazisafisha, zenye ufa tunazichomelea, kisha mkaguzi wa serikali anatoka Nairobi kuja kuzipitisha. Bila chapa yake hakuna silinda inayofungwa kwenye ndege. Safari hii mzungu mwenye karakana alishatuambia wazi: zikikataliwa tena anafunga milango, kila mtu arudi kwao.

Sasa kulikuwa na silinda moja iliyonitia wasiwasi. Zingine ukizigonga kwa nyundo ya mti zinalia vizuri, hii inatoa sauti ya chungu kilichopasuka. Nikamwonyesha baba. Akasema, "Iweke pembeni, tutaitazama." Siku ya ukaguzi naingia, naikuta imepangwa mezani pamoja na zingine, imepakwa rangi mpya, inang'aa!

Mkaguzi akazitazama za mwanzo kwa kioo chake cha kukuzia, moja moja. Joto likamshinda. Akafuta jasho, akauliza kwa Kiswahili chake kile cha jikoni, "Hizi ingine, nzima?"

"Nzima, bwana," baba akajibu.

Akazigonga chapa zote. Mie nimesimama nyuma ya mkwe wangu. Jamani, nani atamkatalia baba wa mkewe mbele ya mkaguzi?

Jioni nikamfuata kwake. "Shikamoo baba. Ile silinda si nzima."

"Marahaba. Yule kauliza kama zimetimia zote. Zimetimia. Mie nimesema uongo gani?"

Wallahi nilitaka kumwamini. Neno "nzima" lina maana mbili, isiyo na ufa na iliyotimia, na huenda kweli alisikia hivyo. Lakini hakunitazama, alikuwa anabandua rangi iliyogandia kwenye kucha.

Silinda ikafungwa kwenye ndege itakayoanza safari za Lindi mwezi ujao. Juzi mke wangu, ambaye ni yaya wa watoto wawili wa mzungu mmoja kule Uzunguni, karudi anacheka mpaka machozi. "Mume wangu, mwezi ujao na mie napaa! Bibi wangu wa kazini kasema niwapeleke watoto Lindi kwa baba yao." Nikamuuliza ni ndege gani. Ni ile ile.

Kulipokucha nikakimbilia kwa baba mkwe. Nilidhani akisikia ni bintiye atakwenda mwenyewe kwa mkaguzi kusema. Akasema taratibu, "Mwambie mkeo siku hiyo aumwe."

"Na wale watoto, baba?"

Akachukua kofia yake, akatoka kwenda kazini.

Basi sasa najua siku ile alisikia nini. Nikisema, mzee anaingia jela, wenzangu wote wanakosa riziki, na mke wangu sijui kama ataweza tena kukaa nyumba moja na mtu aliyemfungisha baba yake. Nikinyamaza, wale watoto watapanda na mtu mwingine. Hapa ninapoandika mke wangu amekaa mkekani, anawashonea kofia za safari, yake na zao za kitambaa kimoja. Ananiuliza, "Mbona hunitazami?"

Ndege bado haijaondoka. Ndugu zangu mnaosoma, nishaurini upesi: nimjibu nini huyu mwanamke?