Vitawi Vitatu vya Mama Dorothée

Ukiniuliza kama nina wivu, nitakubali kabla hujamaliza kuuliza. Ninamwonea wivu jirani yangu Mama Dorothée. Nilianza siku aliyohamia hapa Kalemie kutoka Moba, na sioni dalili ya kupona.

Na ni mwanamke wa kawaida tu! Mjane, anauza samaki wa ndagala kavu sokoni, anawalea wajukuu watano na mbuzi wanne katika parseli, kiwanja kidogo kuliko changu. Nguo zake mbili za kanisani parokia nzima inazijua. Lakini akichomeka kijiti ardhini, kinaota. Ana hibiskasi nyekundu, ana ya njano, ana bogenvilia iliyofunika ukuta mzima. Watu wakipita kwake wanasimama na kumsalimia kwa sauti tamu. Mimi wananisalimia bila kusimama.

Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kumzidi, mti wa maua, laurier-rose yangu. Mume wangu, Télesphore, aliileta kutoka Lubumbashi ingali kijiti, ikakua mpaka ikapita kilango kwa urefu, imejaa maua ya rangi ya waridi. Kila Jumamosi maarusi wakitoka kanisani walikuja kupigwa picha mbele yake. Nami nilihakikisha niko pale pembeni na kitenge kipya. Picha zile ndizo zilizonifanya niwe mtu katika mtaa huu.

Miaka minne iliyopita Mama Dorothée alikuja kuniomba kitawi cha kupanda. Nilikuwa na wageni barazani, ningemnyima vipi mbele yao? Nikamwambia asubiri. Nikaingia jikoni, nikachovya mwisho wa kitawi katika maji ya bukari, ugali wetu, yaliyokuwa yanachemka, ili kisiote. Nikakifuta vizuri, nikampa huku ninatabasamu. Alinishukuru mara tatu. Kitawi kikaoza, na mimi wiki ile nililala usingizi mzuri.

Mwaka huu, mwezi wa tano, nilipunguza matawi ya laurier-rose nikayaacha chini. Mbuzi wangu jike, mwenye mimba, akala majani yake asubuhi. Jioni alikuwa amekufa. Daktari wa mifugo alimtazama mdomoni, kisha akayatazama maua yangu.

"Mama, njo hii ilimuua. Majani, maua, muti yote ni sumu. Na kama mutoto anaweka mu kinywa? Ng'oeni hii, mupande kitu ingine."

Télesphore aliing'oa siku ileile. Jumamosi iliyofuata maarusi walifika, wakaliona shimo, wakavuka barabara. Wakapigwa picha kwenye hibiskasi za Mama Dorothée, naye hata hakutoka kujionyesha! Alikuwa nyuma ya nyumba anasugua masufuria. Jambo hilo liliniuma kuliko kifo cha mbuzi.

Nilihitaji maua mengine upesi, kabla maarusi hawajazoea ng'ambo ile. Na maua yasiyoua mbuzi yalikuwa wapi, kama si kwake? Nikameza donge langu, nikavuka barabara.

"Karibu, Mama Carmel," akasema. "Chagua yenye unapenda. Bogenvilia iko na miiba. Hibiskasi, mbuzi zangu zinakula majani kila siku, na hakuna yenye ilikufa."

Nikaonyesha hibiskasi nyekundu. Akakata vitawi vitatu, wakati mimi niliomba kimoja. Akawa anavipunguza majani, huku anaongea polepole.

"Unakumbuka ile tawi ulinipatia? Ilikataa kuota. Nililia, Mama, nililia kabisa. Leo naona ni Mungu alinichunga. Na hawa watoto, na hizi mbuzi, ningefanya nini?"

Alivifunga vitawi kwa kitambaa chenye maji, akanipa kwa mikono miwili. Njiani nilikigusa kile kitambaa. Maji yalikuwa baridi.

Nilivipanda palepale kwenye shimo. Kila asubuhi nilikwenda kuvichungulia kabla ya kunawa uso, nikiomba angalau kimoja kioze, nipate la kumsema Mama Dorothée.

Vyote vitatu vimeota.