Mashine Iliyoganda Kwenye Faiba

Pale gereji wote walimwita Mama Faiba, na mara mojamoja mteja mgeni alimuuliza huyo Faiba anasoma darasa la ngapi. Hakuwa na mtoto wa jina hilo. Alikuwa fundi wa faiba, zile nyuzi za kioo zinazolowekwa gundi zikaganda ngumu. Kazi alifundishwa na mjomba wake, wakiziba matangi ya maji yaliyopasuka, na mjomba alipofariki akahamia kwenye magari: bampa, maboksi ya spika, dashibodi. Miaka ishirini na sita ya gundi na msasa ilimwachia viganja vigumu kama soli. Hakuogopa grenda wala mteja mkorofi. Hofu aliijua akiwa na miaka hamsini na moja, Jumanne moja asubuhi.

Mwalimu mmoja alikuja akiwa amekumbatia mashine yenye ukubwa wa mkate. Binti yake wa miaka minne alikuwa akipumua kwa mrija uliowekwa kooni, na mashine hiyo ndiyo iliyonyonya makohozi mrija ulipoziba. Wakisafiri waliiweka sakafuni mwa gari. Juzi alifunga breki, ikaviringika chini ya kiti, na mkewe akaipapasa huko huku midomo ya mtoto ikibadilika rangi.

"Nataka kasha kati ya viti vya mbele," alisema. "Liishike barabara, lakini mtu aichomoe kwa mkono mmoja. Mama, ikikwama kidogo tu, sina mtoto."

Mama Faiba alitamani kukataa. "Na sasa hivi nyumbani mnatumia nini?"

"Tuna pampu ya mkono. Tena mtoto amelala. Nitaifuata saa saba."

Kwa kawaida angechonga gogo la mbao lenye umbo la ile mashine, kisha atandike faiba juu yake. Lakini kuchonga kungekula nusu siku, na kila akiitazama mashine mezani alimwona mama mtu amekaa na kipampu chake. Alitaka irudi kwao haraka. Basi akaizungushia nailoni, akabandika utepe, akapaka nta ili faiba isishike, akaitandika moja kwa moja juu yake. Ili ikauke upesi akazidisha dawa ya kugandisha.

Dawa ikizidi, faiba hupata joto. Baada ya robo saa aliona moshi mwembamba. Alipogusa, palichoma. Nailoni ilikuwa imejikunja, na gundi imepenya hadi kwenye mpini. Akavuta. Akaweka goti, akavuta tena. Mashine na kasha vilikuwa kitu kimoja.

Simu ikalia. Alikuwa mwalimu.

"Mama, ile pampu imepasuka mpira. Nipo njiani, dakika kumi."

"Njoo," alijibu. Akakata simu, akapiga kelele kuomba msaada.

Fundi wa kuchomelea wa banda la jirani, mtu wa mizaha kutwa, alikuja na grenda. Mama Faiba alimzuia. Jiwe la grenda likigusa mashine, imekwisha. Alifunga kitambaa kwenye kipande cha msumeno wa chuma akaanza kukata pembeni, taratibu, akisimama kuchungulia. Kijasho kilimwingia machoni. Akamwomba mwenzake amshikie kasha. Yule mchekeshaji alilishika kwa mikono miwili.

Gari likafika. Mwalimu aliteremka, akaona, akasimama.

"Inatoka?"

"Inatoka," alisema Mama Faiba, naye hakujua.

Upande wa mwisho ulipasuka kwa kabari ya mbao. Kitufe cha kuwashia kilikuwa kimefunikwa na gundi ngumu, akaikwangua kwa kisu. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena, mashine ikaanza kuunguruma, na alipoziba mdomo wa mpira wa kunyonyea kwa kidole gumba, ukakinyonya.

Mama Faiba alipanda gari na mwalimu, mashine mapajani, vibanzi vya faiba vikimchoma kupitia gauni. Mwalimu aliendesha akipiga honi njia nzima. Mkewe alikuwa mlangoni, mtoto begani, kifua cha mtoto kikizama kila akivuta pumzi. Aliipokea mashine bila kutazama nani kaileta. Baada ya muda mtoto alikohoa, akalia bila sauti, kwa maana mrija humnyima mtu sauti. Mama Faiba alikaa kwenye ngazi.

Mwalimu alipotoka nje, Mama Faiba alimweleza yote, haraka yake na dawa aliyozidisha. "Tafuta fundi mwingine, mwanangu."

"Huyo mwingine hajaogopa bado," mwalimu akasema. "Tengeneza wewe."

Alichonga gogo kwa vipimo vya mashine alivyochukua kwao. Siku tano, hapokei kazi nyingine. Kasha aliliachia nafasi ya kidole kila upande, akalitandika sponji ndani, akaweka mkanda wa kunasa na kuachia. Alichomoa lile gogo mara mia mbili: kwa mkono wa kushoto, macho kafumba, viganja vimepakwa mafuta. Usiku hakupata usingizi mzima hata mara moja. Kasha lilipofungwa garini halikucheza, na mashine ilitoka kama mkate kwenye chombo chake.

Miezi miwili baadaye mke wa mwalimu alikuja peke yake kubadilishiwa sponji. Mama Faiba alifanya kazi bila kuinua uso.

"Mume wangu aliniambia mashine iligandaje," yule mama alisema.

Mama Faiba aliweka mkasi chini, akasubiri lawama.

"Ile pampu haikupasuka yenyewe. Mtoto alipoanza kukwama nilichanganyikiwa, ikaniponyoka, nikaikanyaga. Mume wangu nilimwambia ilikuwa mbovu."

"Hajui mpaka leo?"

"Hajui."

Mama Faiba alimsogezea kiti. Kisha akachukua mkasi, akaendelea kukata sponji, na yule mama akakaa karibu akimshikia upande wa pili.