Niliokoa Damu ya Utafiti, Nikaiacha Chanjo Ife

Admin, jina langu libaki kwako. Nina miaka themanini na mbili, mapafu yamechoka, na hospitali imenirudisha nyumbani Kinanira, hapa Bujumbura, nifie kitandani mwangu. Nilichokificha tangu wakati wa vita ni hiki: watoto wa Bwiza waliochanjwa surua mbele yangu walidungwa dawa iliyokufa, na aliyeiacha ife ni mimi. Kalamu imenishinda, kwa hiyo mimi ninasema na mjukuu wangu anaandika.

Nilikuwa mtafiti wa virusi. Nilichunguza kinga anayoipata mtoto kwa mama yake: inaisha lini, na chanjo ianze lini kumlinda. Kwa miaka nilikusanya damu ya watoto katika vichupa. Kisha vikaja vikwazo vya biashara, mafuta yakaadimika, umeme ukawa wa kubahatisha. Kituoni kwetu Bwiza, palipochanjwa watoto pia, tulikuwa na frigo mbili, kubwa ya umeme na ndogo ya mafuta ya taa. Umeme ulipokatika, ile ndogo niliijaza vichupa vyangu vya damu ya utafiti. Chanjo nikaiacha katika kubwa, nikajiambia umeme utarudi jioni. Haukurudi jioni ile, wala kesho yake. Na joto la Bujumbura mnalijua. Chanjo ya surua ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Vikipata joto vinakufa, na kwa macho huoni tofauti yoyote.

Siku ya kuchanja, kina mama walijaa uani, wengine wamevuka vizuizi vya askari. Muuguzi wetu, Esperansi, alinivuta pembeni.

"Muganga, ile frigo ilikuwa ya moto. Tuwaambie warudi wiki ijayo."

"Kwa vita hii? Hawatarudi. Dunga."

"Na ile ndogo, ulitia nini?"

"Esperansi, dunga."

Mbele ya foleni alisimama Mama Shabani, msichana Mwislamu muuza vitenge, akiwachekesha wenzake. "Muganga, ukimaliza mutoto, mudunge na baba yake! Yule anaogopa sindano kuliko risasi." Hata Esperansi alicheka.

Wiki kadhaa baadaye, kama ilivyokuwa desturi ya utafiti wangu, nilipima damu ya baadhi yao, Shabani akiwemo. Hawakuwa na kinga hata chembe. Surua ilikuwa haijafika Bwiza, na chanjo mpya ilikuwa imeshaletwa. Ningeweza kuwaita wote warudi. Lakini kuwaita kulikuwa kueleza habari ya frigo, na ningeonekana nilithamini vichupa kuliko watoto. Nikanyamaza.

Surua ilipofika, ilizika watoto. Shabani alikuwa miongoni mwao. Mume wa Mama Shabani alimwambia mkewe mbele ya majirani, "Wenzako wanachunga watoto, we unachunga vitenge," akamwacha. Mama Shabani akanijia kazini, kanga ya msiba ikiwa bado kichwani.

"Muganga, mi nilikosea wapi? Si nilimuleta mapema?"

"Hukukosea, mama. Kuna watoto miili yao haishiki chanjo."

"Basi ni damu yangu?"

Ningeweza kusema hapana. Nilisema, "Inawezekana."

Hakuzaa tena. Wanaume walikuja kumposa, akawarudisha kwa neno nililompa mimi: "Damu yangu haishiki." Sasa ni mtu mzima mwenye mvi, bado yuko Bwiza, bado wanamwita kwa jina la mtoto aliyemzika. Kila Idi huniletea chakula kwa mkono wake, kwa sababu, anasema, mimi peke yangu sikumlaumu.

Nishaurini, ninyi mnaosoma. Nimwite kabla sijafa, nimwambie damu yake haikuwa na kosa, wakati umri wa kuzaa umeshampita? Au nife nikiwa mtu mwema machoni pake?

Kabla hamjajibu, lipo jambo ambalo huyu anayeandika analisikia sasa hivi kwa mara ya kwanza. Siku ile naye alikuwa katika foleni, mgongoni kwa mama yake, aliyemleta bila kuniuliza. Chanjo mpya ilipofika, nilitia kichupa kimoja katika termosi yenye barafu, nikapanda nacho Kinanira, nikamchanja upya. Kichupa kile kilitosha watoto kumi. Kikishafunguliwa hakilali hadi kesho. Nilimdunga yeye peke yake, na kilichobaki nikakimwaga.