Maji ya Mdogo Wangu

Juzi nilimwona binti yangu akichemsha chupa za mwanawe, nikaikumbuka alasiri moja Matrah, huko Omani, tulipokuwa wageni kutoka Unguja. Mdogo wangu mchanga, Salim, alikuwa anaharisha, tangu asubuhi hajakojoa, na jirani yetu Bi Zuwena akamletea maji ya kisima. Mama akashukuru, akayatia sufuriani, akawasha kuni. Moshi ulitanda chumba kizima. Nilidhani tumefukarika hata tunapika maji matupu, nikalia.

"Sisi sote tumekua kwa maji hayo," alisema Bi Zuwena.

"Nnajua, dada. Lakini nshazika mmoja. Huyu simwachi aende."

Yalipopoa alimnywesha kijiko kwa kijiko mpaka magharibi, Salim akamkojolea. Mama akacheka, kanga imelowa chepechepe. Sikuielewa furaha ile. Sasa najua mtoto alikuwa amerudi.