Wazee Tisa na Binti wa Ubelgiji

Mwanangu, sogea karibu nikusimulie Jumamosi moja ya ujana wangu, siku ambayo baba yangu alitoka nyumbani akiwa na binti wa kawaida, akarudi jioni akiwa na binti wa bei ya juu. Binti huyo ni mimi. Nilikuwa uani napepeta ulezi, wala sikujua kwamba nimepanda bei.

Wakati huo Nyamongo yote, huku kwetu Tarime, ilikuwa imechanganyikiwa na dhahabu. Watu walitoka Serengeti, walitoka Musoma, wengine walivuka kutoka Kenya, kila mtu na sururu yake begani. Pale kijijini Kewanja kijana mmoja aitwaye Matiko alibahatika shimoni, akanunua televisheni na jenereta, akasimika antena juu ya mti mrefu ili anase picha za Kenya, maana huku kwetu televisheni ilikuwa bado. Akajenga banda, akaanza kutoza kiingilio. Picha zilifika vizuri. Sauti ndiyo haikufika, kwa sababu spika ilikufa wiki ya kwanza, na hata ingekuwa hai, jenereta lile lilinguruma kuliko lori. Kwa hiyo kila mtazamaji alijieleza mwenyewe alichokiona, na matatizo yangu yakaanzia hapo.

Baba yangu, Mzee Mwita, alikwenda kutazama mpira. Mpira haukuwepo. Badala yake akaona binti wa Kizungu, mdogo kama mimi, amevaa kigauni kisichofika popote na viatu vyenye chuma chini, anateleza kwenye sakafu nyeupe, anazunguka, anaruka. Sisi Wakurya ngoma yetu ni ya kishindo, lazima ardhi isikie. Huyu alipita tu kama hana uzito. Matiko akasoma herufi kwenye kioo, akasema ni mtu wa Ubelgiji, wale waliotawala Kongo. Baba akaguna. Yeye macho yake yalikuwa kwingine.

Nyuma ya meza ndefu walikaa wazee tisa wamevaa makoti, hawacheki. Binti alipomaliza aliwainamia kwa heshima, akaenda kukaa kwenye benchi katikati ya mzee mmoja na mama mmoja mnene, akafunikwa koti mabegani, akaanza kulia. Kisha kwenye kioo zikatokea namba tisa, moja kwa kila mzee. Nne nukta nane. Tano nukta mbili. Tano nukta moja.

Sasa niambie, mwanangu: mtu wa Tarime akiona binti anakaguliwa na wazee, kisha ameketi kati ya baba na shangazi yake analia, na wazee wanataja namba, atafikiri nini? Baba hakuhitaji mkalimani. Alirudi akatutangazia kwamba huko Ulaya mahari hutolewa hadharani na ukoo mzima, kila mzee anataja mchango wake. Namba ya mbele ni ng'ombe. Ile ya baada ya nukta ni mbuzi.

"Tano nukta mbili!" akasema. "Ng'ombe watano na mbuzi wawili, mzee mmoja tu! Na wako tisa!"

"Na kwa nini anazunguka vile hata asianguke?" mama akauliza.

"Wanamkagua kama hana kilema. Na kweli hana. Lakini Bhoke wetu naye ana kilema gani?"

Ndivyo nilivyopanda. Nami nilikuwa tayari na mchumba, Marwa, mchimbaji wa kijiji cha Kerende, kijana mpole aliyetoka shimoni kila jioni amejaa vumbi hadi kwenye kope. Wazee wake na wetu walikuwa wameshakubaliana idadi ya ng'ombe, ile ya kawaida ya majirani. Baba akatuma ujumbe kwamba makubaliano yamevunjika, na kwamba kuanzia sasa tunafuata utaratibu wa Ubelgiji. Marwa akaja mbio, akasimama nje ya ua.

"Shikamoo mzee. Huo ukoo wa Ubelgiji ni wa wapi? Wako upande wa Isebania, kule Kenya?"

"Mbali zaidi, mura. Wewe kijana nenda ukachimbe."

Nisikufiche, siku za mwanzo kichwa kilivimba. Nilienda kisimani kwa maringo, nikamwambia Marwa azidishe bidii, maana amepata bahati ya kuchumbia mtu wa wazee tisa. Yeye akanitazama tu, akaondoka bila kunitania, na hakuwa mtu wa kuondoka bila kunitania.

Baba naye hakukosa Jumamosi hata moja. Kila mara binti yule alionekana mahali pengine, mbele ya wazee wengine tisa, na namba zikawa zinaongezeka. "Wanamtembeza nchi kwa nchi," baba akatueleza. "Mkwe wa kufaa bado hajapatikana." Wachimbaji nao walimpenda, wakampa jina la Kikurya, Rhobi. Mahari yake haikuwahusu, wao walitaka kuona amefika wapi. Mwanzoni alikuwa wa mkiani, baadaye akawa wa katikati, baadaye akaanza kukaribia wa mbele, na kila aliporuka banda zima liliacha kutafuna karanga. Yeye akipanda huko, mimi napanda nyumbani.

Ikawa nimepanda mpaka nikamfikia mtu ambaye sikumtaka. Mnunuzi mmoja wa dhahabu, mwenye wake wawili na jino la dhahabu, mtu wa umri wa kumzaa Marwa, akasikia habari za bei yangu, akasema hiyo kwake ni ndogo. Akaahidi kuja Jumapili kumaliza maneno. Hapo maringo yakaniisha. Nilimpenda Marwa mpaka chakula kikawa hakishuki, na sasa nilikuwa napelekwa kwa jino la dhahabu kwa sababu ya msichana asiyejua hata kama nipo.

Kukawa na kikwazo kimoja: shangazi Wankuru, dada mkubwa wa baba. Kwetu shangazi asipokubali, binti hatoki. Naye alisema hataki kusikia habari za Wabelgiji. Baba akaamua kumpeleka Kewanja Jumamosi ile, siku moja kabla ya mnunuzi kufika, akajionee mwenyewe. Mimi niliwafuata nimebeba kigoda cha shangazi.

Rhobi akatokea. Banda likapiga makofi. Baba akamnong'oneza dada yake, "Tazama, leo watafika sita." Binti akaruka, akazunguka hewani, akashuka vibaya, akaanguka chini kwa makalio.

Hakuna aliyecheka. Akainuka, akakimbia tena, akaruka tena, akaanguka tena, safari hii akateleza umbali mrefu na nywele zikamfumuka. Mchimbaji mmoja akafumba macho. Nikasema moyoni, huyu sasa atatoka akajifiche, maana mimi ningejificha hata chini ya kitanda cha watu. Lakini aliinuka, akajipangusa paja, akaendelea. Alizunguka, akanyoosha mikono, akaumaliza wimbo wake tusiousikia mpaka mwisho, kisha akawainamia wale wazee tisa kama siku zote. Machozi yalinitoka, wala si kwa ajili ya ng'ombe.

Namba zikaja. Nne nukta tatu. Nne nukta moja. Nne kavu, bila mbuzi hata mmoja.

Baba akasimama, akaielekezea televisheni fimbo. "Nyie wazee, hamna haya? Mtoto ameteleza tu! Mnampunguziaje?" Wachimbaji wakamuunga mkono kwa kelele. "Ni yule yule wa juzi! Hajabadilika!"

"Mwita, keti, unaziba watu," shangazi akasema. "Kwa hiyo namba imeshuka, lakini mtoto hajashuka?"

"Hajashuka hata kidogo!"

"Na zile siku namba inapanda, mtoto alikuwa anapanda?"

Baba akaishusha fimbo.

"Bhoke amekupikia miaka yote hii," shangazi akaendelea, bila kupandisha sauti. "Amekuuguza ulipolala na homa. Siku zote hizo hukujua yeye ni nani, mpaka ulipolipa kiingilio kwa Matiko?"

Baba akaketi. Akapenga kamasi kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Njiani kurudi alinipokea kigoda akakibeba yeye, na mzee wa Kikurya kumbebea binti yake kigoda si jambo dogo.

Jumapili mnunuzi akaja. Baba alimkaribisha uji, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba binti wa nyumba hii ana mwenyewe. Wiki iliyofuata wakaja watu wa Marwa na idadi ileile ya mwanzo. Msemaji wao alikuwa mjomba wake, mtu wa Isebania, wakala wa kutoa mizigo pale mpakani Sirari. Aliposikia kisa chote alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mzee wangu, hiyo ni gemu! Wanateleza kwa barafu. Hao ni majaji, wanapeana pointi. Huyo mama ni kocha wake."

"Gemu?" baba akauliza. "Sasa alikuwa analia nini?"

"Analilia pointi, mzee."

Baba akamhurumia sana binti yule. Lakini nadhani hakuamini. Msimu mwingine Rhobi aliposimama mahali pa juu kuliko wenzake wote, amevishwa dhahabu shingoni, na wachimbaji wakarukaruka mpaka antena ikaanguka, baba alisema tu kwamba hatimaye wakwe wamepatikana.

Siku ya kunitoa alimwita Marwa mbele ya watu wote. "Mura," akamwambia, "ng'ombe wako nimewahesabu, wametimia. Huyu sikumhesabu, sikujua nianzie wapi. Siku akirudi hapa analia, sitauliza ng'ombe. Nitakuuliza wewe."

Basi, mwanangu, nakuusia. Utaketi mbele ya meza nyingi maishani: meza za mitihani, za waajiri, za wakwe, na hiyo ya simu mnayobeba mfukoni mkihesabiana watu wanaowapenda. Namba watakayokupa isikilize, uwainamie kwa adabu, halafu uiache palepale mezani, usiende nayo nyumbani ukaifanya jina lako. Ukianguka, inuka umalize wimbo wako hata kama watu hawausikii. Na siku ukiwa wewe ndiye umekaa nyuma ya meza, kumbuka kwamba anayekusubiri pale kwenye benchi ni mtoto wa mtu.

Mungu akuongoze mahali panapoteleza. Akupe shangazi asiyeogopa kusema, na mtu wa kukupokea mzigo njiani. Nenda, mwanangu, nimekubariki kwa mikono yangu yote miwili.