Mtu wa Endarasha Aliyeniomba Jina

Najua utakavyosema. Utasema mzee huyu alipigwa na jua la Kieni, au alikuwa ameonja kitu. Mimi sinywi, na siku hiyo jua halikuwepo. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu zote. Natamani yangekuwa uongo, maana leo ningekuwa nalala.

Mimi ni fundi wa redio na televisheni. Kibanda changu kiko Majengo, hapa Nyeri mjini, na nyumbani ni Giakanja. Lakini ugonjwa wangu ni mawe. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi Mombasa, na kule Changamwe, mahali walipokuwa wakikata kilima wapitishe barabara, niliokota jiwe lililojikunja kama konokono, lenye mistari kama ya pembe ya kondoo dume. Mtu mmoja aliyesomea miamba akaniambia hiyo ni amonaiti, mnyama wa baharini aliyekufa kabla binadamu hajakuwepo, akageuka jiwe. Tangu hapo sijapona. Nilirudi Nyeri na amonaiti zangu, nikazipanga juu ya pamba ndani ya kabati la vioo, na kila nikipata nafasi nashuka mtoni kuangalia mawe.

Mke wangu, Nyambura, hunicheka. "Baba Kamau, si wewe ulisema hapa hakuna hizo vitu?"

Ni kweli, hakuna. Mawe ya kwetu yalitoka kwenye moto wa mlima. Bahari ya kale haikuacha kitu Nyeri. Lakini mtu akipenda kitu, anasikia nani?

Basi, kiangazi kimoja nilienda Endarasha, kule Kieni, kumtengenezea mteja televisheni. Nilimaliza mapema, nikaacha pikipiki kwake, nikateremka bondeni. Maji yalikuwa yamepungua na mawe yote yako nje. Nilikuwa nimeinama, nageuza moja baada ya jingine, ukungu uliposhuka kutoka msitu wa Nyandarua. Ukungu tumeuzoea, huo si kitu. Kilichonifanya niinue kichwa ni kwamba ndege wote walinyamaza.

Mtu alikuwa ameketi juu ya mwamba, katikati ya mto. Alivaa koti refu la kijivu. Mimi ukungu ulikuwa umenilowesha hadi shati la ndani. Yeye alikuwa mkavu, kama mtu aliyetoka kuota moto jikoni.

"Unatafuta hii," akasema. Hakuniuliza. Aliniambia.

Akafungua kiganja. Amonaiti. Kubwa kama kisahani cha chai, nzima, haina ufa, mistari yake imekaa kama imechongwa jana. Katika miaka yangu yote sijaona kama ile. Akaniwekea mkononi, na niamini, jiwe lile lilikuwa linanuka bahari. Nimeishi Mombasa, siwezi kukosea ile harufu.

"Umetoa wapi?" nikamwuliza.

"Hapo tu."

"Lakini hapa haiwezi kuwa."

"Si umeishika?"

Nikamwuliza kama anauza.

"Siuzi. Nipatie tu jina yako."

Nikacheka. Nilidhani anataka tujuane. Jina mtu humnyima nani? Nikamtajia yote matatu, la ubatizo, langu la kuzaliwa, na la baba yangu. Akafumba macho, akayarudia polepole. Na sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa ya marehemu baba yangu, ile aliyokuwa akiniitia kutoka shambani nikiwa mtoto, pamoja na kile kikohozi chake kidogo kabla ya kuita.

Halafu akarudi kwenye sauti yake. "Asante. Nimekaa sana bila."

Nilipanda lile bonde mbio, na umri wangu huu. Nilipogeuka sikuona mwamba, sikuona mtu. Ukungu tu. Jiwe nilikuwa nalo.

Jumapili iliyofuata, mzee wa kanisa alisimama aniite nifunge kwa maombi. Akafungua kinywa, akakwama. "Atuombee... huyu mzee wetu," akasema, na watu wakacheka kidogo. Majengo, marafiki niliokuwa nao tangu ujana wakaanza kuniita "fundi" tu. Nyambura hakugundua kitu kwa sababu yeye huniita Baba Kamau. Jioni moja nikamwambia, "Hebu niite jina langu."

Akatabasamu, akafungua kinywa. Kisha akaweka sufuria chini. Akajaribu tena na tena, hadi machozi yakamtoka.

"Niko nalo hapa," akasema, ameshika koo. "Lakini linakataa."

Mimi mwenyewe nilijaribu mbele ya kioo. Ulimi ukawa mzito kama wa mtu aliyedungwa ganzi ili ang'olewe jino.

Wakati huohuo nikaanza kuletewa salamu. Ati nimeonekana Karatina. Ati nimepita Chaka nikiwa nimechangamka, nimesimama kuongea na kila mtu. Siku hizo sikuwa nimevuka Giakanja na Nyeri mjini.

Nilirudi bondeni na lile jiwe, si mara moja. Nikaita, nikangoja, nikarudi nalo. Yule mteja wangu akaniambia hamjui mtu wa koti kama hilo. Nyambura alitaka nilitupe. Nikamwambia, nikilitupa nitabadilishana naye nini siku akitokea? Tuligombana vibaya, na mpaka leo hatujaelewana juu ya jambo hilo.

Kisha Wangui, mke wa mwanangu Kamau, akajifungua huko Nanyuki. Mtoto wa kiume, wa kwanza. Unajua desturi yetu. Mvulana wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba. Na si jina tu. Wazee wetu walisema huyo ni wewe umerudi.

Kamau akanipigia simu, sauti yake ya uoga. "Baba, tumeshindwa. Tunataka kumwita, lakini haitoki." Ikabidi wamwite "mtoto" tu.

Alasiri moja mvua ilikuwa inanyesha Giakanja, nami niko jikoni na Nyambura, tunamenya viazi. Simu ikalia. Kamau tena, safari hii anacheka.

"Baba, asante kwa kuja. Mtoto sasa ako na jina."

"Nimekuja wapi?"

"Si umetoka hapa saa hii? Umembeba, ukamwita. Tangu umwite, sisi wote tunaweza."

Na akalitaja. Jina langu, bila kukwama. Nililisikia kama unavyosikia jina la jirani. Halikunigusa popote.

Nyambura alikuwa amesikia yote. Alivua aproni, tukaondoka hivyohivyo kwenda Nanyuki. Wangui alitufungulia mlango, akashangaa. "Baba, kwani umerudi? Na ile koti ingine umeacha wapi?"

Tuliwaambia ukweli. Pasta akaletwa, akaomba hadi sauti ikamkauka. Kamau alibadilisha kufuli za mlango. Wangui tangu siku hiyo hamwachii mtu yeyote mtoto, hata mimi, na simlaumu.

Mtoto sasa anatembea. Ana afya, anakula vizuri. Lakini nikienda kumwona hanijii. Hunipita, akaenda mlangoni, akasimama kuangalia nje. Anangoja babu yake aingie.

Kwa hivyo nakuomba. Ukiwa kwenye mabonde yale na ukungu ukashuka, ukamkuta mtu mkavu anayekuonyesha kitu ulichokitamani maisha yako yote, usimwambie unaitwa nani. Geuka, uende zako. Na ukikutana nami, Nanyuki, Karatina, popote, nitakusalimu na kukuuliza habari za watu wako, lakini jina langu siwezi kukutajia. Mwenye sura yangu akijitaja, huyo si mimi. Usimpe mkono.