Barafu Kutoka Tanuru la Mama

Mama yangu alikuwa anakausha mikebuka, samaki wa ziwa letu, kwa moshi toka mbele sijazaliwa. Tanuru lake la matofali lilikuwa nyuma ya nyumba yetu, hapa Kalemie. Halafu macho yake yakaanza kuona ukungu. Hospitalini muganga alimwambia wazi: aache moshi, ao macho yatafungika kabisa.

"Sasa tutakula nini?" Mama akaniuliza tukirudi juu ya pikipiki, anacheka. "Tutakula macho?"

Njo hapo nikaanza kuota. Tukipata barafu, Mama atauza samaki wabichi, na moshi basi. Lakini umeme wetu unakuja siku unapopenda. Nyumbani tulikuwa na frigo ya petroli, yaani ya mafuta ya taa, babu aliiacha tangu alipokuwa anafanya kazi ya reli. Petroli ilikuwa bei kali, kwa hiyo haikuwashwa tena; Mama alikuwa anapanga sahani ndani. Fundi wa frigo, baba mmoja jirani, akanieleza kwamba ile haina moteri: ukiipasha moto mgongoni, dawa iliyo ndani ya mabomba inachemka, inazunguka, inaleta baridi. Nikaangalia tanuru. Joto lote lile lilikuwa linapotea hewani bure!

Nikaunga bomba la bati toka kwenye tanuru mpaka mgongoni mwa frigo.

"Weye mutoto," Mama akasema, "unapikia frigo chakula?"

Siku ya kwanza haikuleta kitu. Fundi akasema dawa imelala, tuipindue frigo kichwa chini ilale hivyo. Majirani wakaja kuchungulia.

"Muko munaizika lini?" mama mmoja akauliza. "Tulete maua?"

Kesho yake tukaisimamisha, tukawasha tanuru. Jua lilipoanza kushuka, maji ya kikombe yakaganda. Nilicheza ngoma kiwanja kizima. Mama akachukua kile kipande cha barafu, akakiweka juu ya macho yake.

"Kumbe moshi wangu unaweza kuzaa baridi," akasema.

Tulianza kuuza samaki wabichi. Mimi nilikuwa napeleka sokoni, Mama anabaki nyumbani apumzike. Lakini alipozima moto, barafu ikayeyuka na samaki wakaoza. Sikuwa nimefikiria hapo: tulikuwa tunakimbia moshi, na baridi yetu ilikuwa inatoka mule mule. Mama akarudi kwenye tanuru. Kila nilipomukataza, alijibu, "Kidogo tu, mutoto wangu. Barafu yako isikufe."

Macho yake yamefungika sasa. Moto ninauchunga mimi. Asubuhi ninamuwekea kipande cha barafu mkononi, anakigeuza geuza mpaka kinakuwa maji, anatabasamu.

"Moshi haukuumizi?" anauliza.

"Hapana, Mama," ninajibu, huku ninapangusa macho.